Supu ya Mzazi

Juzi nilikuwa Sofu, kwa binti yangu. Alikuwa anapika pilau, akamwagia maji aliyochemshia mapaja ya kuku. "Mama, supu ya mifupa inamaliza mkaa. Si yote ni supu tu?" Nikamwambia itafaa. Kisha nikatoka nikakaa barazani.

Kwetu Kisarawe, ndugu yangu, enzi za Mwingereza, mwanamke akijifungua alichinjiwa kuku. Bibi, mzaa baba, alimchemsha kwa tangawizi na pilipili manga, na mzazi akanywa ile supu nyepesi, asubuhi na jioni, mpaka nguvu zimrudie. Lakini mwaka aliozaliwa mdogo wangu, kideri kilipita. Kuku walisinzia, wakashusha mbawa, wakafa. Ua mzima ukawa kimya.

Mama alijifungua, ila damu haikukatika. Mkunga alimpa dawa zake, akaondoka akitikisa kichwa. Jirani yetu mwenye duka alikuwa anaoza binti yake, kuku wa harusi wameletwa kutoka mbali. Bibi akaenda kuomba. Nyama ilikuwa ya wageni; alipewa shingo, migongo na miguu.

Aliibabua ile miguu, akaimenya, akaponda mifupa kwa mchi. Mimi nilichochea kuni tangu asubuhi hadi adhuhuri. Ilitoka supu nzito, inayonata midomoni, yenye harufu ambayo sijaisikia tena popote.

Mama aliinusa tu. "Mbona hivi, mama? Hii siyo supu ya kuku."

"Ni ya kuku, mwanangu. Nimekosa nyama. Kunywa hivyo hivyo."

Akanywa kidogo, akageukia ukutani. Ijumaa tulimzika. Kichanga naye hakukawia.

Bibi hakupika supu tena. Wakati mwingine, akichambua mchicha, alisimamisha mikono akasema, "Ningepata nyama." Baba alimjibu kwamba ni kazi ya Mungu. Bibi aliitikia, kisha kesho yake akasema tena. Alisema hivyo mpaka anakufa.

Nyumba ile ilianguka zamani, na pale uani sasa pana mihogo ya watu nisiowajua. Sura ya mama nimeshaisahau. Najaribu kuikumbuka nikiwa nimelala, nikiwa ninaswali, na kila mara naona mgongo wake tu na kanga iliyolowa. Hakuna aliyebaki wa kumuuliza alifananaje.