Seva ya Jeddah iliyokataa password za watu wote, na barua niliyoisaini Riyadh

Wakuu, assalaam alaykum, na wasio Waislamu habari za huko mliko.

Haya yamenikuta mwenyewe. Nimebadilisha majina ya watu, lakini palipo na aibu yangu nimepaacha kama palivyo.

Mimi ni mzee wa Tanga, niko Riyadh miaka mingi, naishi Malaz. Kazi yangu ni kusimamia seva za kampuni inayosambaza dawa hospitalini. Ofisi kuu iko hapa Riyadh, ghala kubwa liko Jeddah.

Kule Jeddah kuna seva moja inayotumiwa na watu zaidi ya mia. Kila mfanyakazi anaingia kwa jina lake na password yake. Asipoingia, hawezi kutoa hata kopo moja la dawa.

Anayeiangalia kule ni Mutua, Mkenya, Mkristo, kijana wa watu mwenye adabu. Anakaa Nuzha. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule, na karatasi za kuurefusha zilikuwa mezani kwa bosi.

Siku hiyo alfajiri umeme ulikatika ghalani. Uliporudi, seva iliwaka lakini saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa.

Kwa kawaida seva huchukua saa kwenye mtandao. Ile yetu hairuhusiwi kugusa mtandao wa nje, na mimi sikuwahi kuiunganisha na saa ya seva ya Riyadh. Kila mwaka nasema nitafanya, sifanyi.

Saa moja u nusu asubuhi Mutua akanipigia kwa simu ya mezani ya chumba cha seva. Simu za mkononi haziingii mle, zinaachwa kwenye sanduku mlangoni. Nikamwambia aweke saa kwa mkono.

Akaniuliza aitoe wapi, maana mle ndani hakuna saa. Ningeweza kumsomea yangu ya mkononi, wala sikufikiri.

Ukutani mwa chumba cha kuswalia, ng'ambo ya korido, kuna saa kubwa inayoonekana kupitia kioo. Nimeswali pale mara mbili. Nikamwambia aitazame ile, saa ya watu wa swala haina shaka. Akaweka, nikashukuru, nikaenda kunywa chai.

Saa mbili zamu ikaanza, na hakuna aliyeweza kuingia.

Kila mtu anaambiwa password si sahihi. Wakarudia, wakarudia, na kwa kuwa nimeweka kanuni kwamba ukikosea mara tano account inafungwa, zikaanza kufungwa moja baada ya nyingine. Kufika saa tatu zilikuwa zimefungwa zote. Nje magari ya baridi yamepanga foleni, na hospitali zinapiga simu kuulizia insulini.

Niliingia kutoka Riyadh kwa ufunguo wangu wa dharura. Log, daftari la seva la kila anayejaribu kuingia, imejaa mamia ya mistari ya login zilizoshindikana. Nikaona kitu kikanichoma: Mutua peke yake ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka bila taabu.

Nikampigia. Akaniambia, "Mzee, mimi hata sielewi. Hii kitu inakataa kila mtu."

"Isipokuwa wewe," nikasema.

"Mimi natumia root, mzee, ile account kuu ya mashine. Si ndiyo ulinipa?"

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Ni Msaudi, si mtu mbaya, lakini hana subira na mashine. Aliuliza nani aliigusa seva mara ya mwisho. Nikamwambia Mutua. Akauliza nani anaweza kuingia sasa hivi. Nikamwambia Mutua.

"Ya hajji, watu wote wako nje, mmoja yuko ndani. Unataka nini tena? Halas, andika."

Nikaandika. Sentensi moja tu, kwamba mtu wa mwisho kuingia na kubadilisha mipangilio ya seva ni Mutua. Nikaisaini saa tatu u nusu. Bosi akasema akitoka kuswali adhuhuri ataipeleka kwa watu wa ajira, Mutua akatiwe final exit, arudi kwao.

Wakuu, ile sentensi haikuwa na uongo hata herufi moja. Hilo ndilo lililoniogopesha baadaye.

Nikarudi kwenye log. Nilikuwa nasoma mistari mipya inavyoshuka, natafuta alipoharibu. Nilikuwa namtafuta mtu, sitafuti sababu.

Ukashuka mstari mmoja: fulani amejaribu kuingia saa nne na dakika ishirini na nane.

Nikatazama saa yangu ya mkononi. Nne na ishirini na moja.

Nikatazama kompyuta. Nne na ishirini na moja.

Kwa wasioijua kazi hii: password za Jeddah hukaguliwa na seva ya Riyadh. Ikiridhika, inatoa kibali chenye muhuri wa wakati. Saa za seva mbili zikipishana zaidi ya dakika tano, kibali kinakataliwa, na mtu anaona tu kwamba password yake si sahihi. Root haipiti njia hiyo. Password yake inakaguliwa palepale kwenye mashine. Ndiyo maana Mutua aliingia, nami kwa ufunguo wangu.

Nikarudi juu kwenye log. Mstari unaosema wazi kwamba saa zinapishana ulikuwemo tangu saa mbili. Niliupita.

Nikampigia Mutua, nikamwomba atoke mlangoni, achukue simu yake, ailinganishe na saa ya ukutani. Aliporudi alisema saa ya ukutani imetangulia dakika saba. Alikuwa amemuuliza mzee wa Kisudani anayekitunza kile chumba. Yule mzee amejibu bila wasiwasi kwamba anaisogeza mbele makusudi, ili watu wawahi kutia udhu wasipitwe na rakaa ya kwanza.

Tanga msikitini kwetu marehemu baba yangu alikuwa akifanya hivyohivyo. Mtu aliyepaswa kulishuku hilo ni mimi niliyekulia msikitini. Mutua angelijulia wapi?

Saa ya seva tuliirekebisha kwa dakika mbili. Barua ilikuwa bado kwa bosi.

Hapa niseme ukweli nilioahidi. Simu ya saa moja u nusu haikuwa na shahidi. Shetani alinipitia akaninong'oneza kwamba mambo yamepona, niache barua iende. Nikasema audhubillahi, nikainuka.

Bosi alikuwa anakunja mikono ya kanzu aende kutia udhu. Nikamweleza yote. Hakunifokea. Alitoa barua kwenye faili, akaisukuma mbele yangu, akasema, "Basi andika jina la aliyekosea."

Nikaandika jina langu. Ipo kwenye faili langu mpaka leo, na Alhamdulillah iko mahali pake. Mutua mkataba wake ukarefushwa.

Lakini lililokuwa zito kuliko kwa bosi ni kumwambia Mutua mwenyewe, maana hakujua. Nilimpigia baada ya swala.

"Kwani mzee, ulikuwa umeandika jina langu?"

Nikasema ndiyo.

"Na ni wewe uliniambia nitazame ile saa."

Nikasema ndiyo.

Kisha akasema, "Sawa, mzee. Wacha nimalizie kufungulia watu account."

Nilimwomba radhi, akasema yameisha. Naamini amesamehe. Ila tangu siku hiyo, nikimpa agizo kwa simu, ananisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zake zote, halafu ananiambia, "Niandikie, mzee."

Namwandikia. Ana haki.

Nilichojifunza: login ikigoma kwa watu wote, angalia saa kabla ya kumwangalia mtu. Na ushahidi wa kweli unaweza kumdhulumu mtu, ukiacha kutaja sehemu yako.

Mnaosimamia seva zisizo na mtandao wa nje, saa mnazilinganisha vipi? Na aliyewahi kuandikiwa barua kama ile na mkubwa wake, nitamsoma kwa makini zaidi, hata akinilaumu.