Kiti cha Shangazi Shariffa

Kwa miaka ishirini na mbili, kampuni yetu ya magodauni ya majani ya chai kule Shimanzi iliendeshwa kutoka nyumbani kwa shangazi yangu Shariffa, Mji wa Kale. Kila Ijumaa baada ya swala, babangu Bassam, ambaye ndiye mwenyekiti, alikaa ukumbini na binamu zake. Shangazi alikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, mafaili ya marehemu babu mapajani. Hakuna shauri lililokatwa mpaka baba aite, "Dada, wasemaje?" Akisema hapana, basi ni hapana. Walipotaka kuuza godauni la pili alikataa mara tatu, na ndilo linalotulisha hivi sasa.

Kisha wakaja wabia kutoka Ulaya na kitabu chao cha kanuni za kimataifa za uongozi wa makampuni, kurasa mia na kumi. Mimi ndimi niliyekisoma, maana mwanasheria wa nyumba ni mimi. Kilitaka kila mkurugenzi athibitike katika kumbukumbu za vikao. Kilitaka pia bodi iwe na mwanamke. Nikafurahi kama mjinga, nikamkimbilia shangazi kumpa bishara.

Nikapekua vitabu vyote vya kumbukumbu. Jina lake halimo hata mara moja. Nilipomwuliza baba, alinitazama kana kwamba nimekosa adabu. "Niandike jina la dadangu, lisomwe na makarani na watu wa benki?"

Alikuwa akimsitiri. Alimsitiri hata akamfuta, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumwambia hivyo.

Nikaomba shangazi ateuliwe rasmi kwenye bodi. Wabia wakajibu kwa upole kwamba mwanamke wanayemtaka asiwe na undugu na mwenyekiti. Akachukuliwa Bi Auma, mhasibu hodari, mtu wa heshima zake. Sina neno naye.

Habari nilimpelekea shangazi mwenyewe. Alikuwa akichagua mchele. Alisikiliza, akasema, "Vyema," akaendelea na mchele wake. Nilitamani alie, au anitukane, nipate nafuu.

"Sihisi kitu, Noor," akasema. "Nangoja nihisi, hakuna kinachokuja."

Ijumaa iliyofuata baada ya kikao cha kwanza cha bodi mpya, mimi na baba tulikwenda kumsalimia. Akatutilia kahawa. Wakaulizana hali, watoto, mvua. Kisha shangazi akauliza, "Na lile godauni la pili, mumelikatia shauri gani?"

Baba akaweka kikombe chini. "Kanuni hairuhusu, dada. Mambo ya kikao hayatolewi nje."

"Kwani mimi ni mtu wa nje, Bassam?"

Baba akanigeukia mimi, kwa kuwa kanuni ile ya kampuni, kwa kufuata kitabu cha wabia, niliiandika kwa mkono wangu, yeye alitia sahihi tu. Shangazi naye akanitazama, akingoja.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Wewe ni mtu wa nje."