Baba Alibaki Tersiere

Juzi jirani yangu hapa mtaani Shari alikuwa akichimbisha choo, na mvua ilipokatika harufu ya udongo mbichi ikaingia sebuleni bila hodi. Wengine husema ni harufu nzuri. Mimi nilifunga dirisha, nikaziba na upenyo wa mlango kwa kitambaa, mwanamke mzima ambaye wanafunzi humwogopa.

Harufu hiyo ilikuwa ya baba yangu. Tulikuwa tumekimbia vita vya kwetu Djugu, tukajibanza mjini Bunia katika chumba kimoja, na baba akarudi peke yake kwenye machimbo ya Nizi kuchimba dhahabu. Jumamosi alikuja nyumbani udongo umemganda hadi masikioni, akicheka. Mama akimsihi aache shimo, alijibu, "Mwenye anataka cha muvunguni, ainame." Mama aliendelea kumpakulia, kwa kuwa sote tulikula kutokana na kuinama huko.

Alinifundisha maneno yao ya kazi, waliyorithi kwa wazee waliotumikia kampuni ya Wazungu zamani. Jiwe gumu la chini kabisa waliliita primere. Juu yake sekondere. Udongo wa juu, ule laini unaopenda kuporomoka, ndio tersiere. Kumbe yalikuwa majina ya enzi za dunia, lakini baba hakuwa na habari za enzi. Kwake yalikuwa majina ya kuta za shimo.

"Mave," aliniambia huku akisafisha chuma chake cha kuvunjia mawe, "ku masomo walinifukuza mu primere. Sasa naitafuta na chuma!"

Mimi nilikuwa darasa la tano la primere, yaani shule ya msingi, na nilijua kwamba ukimaliza primere unapanda sekondere. Mama aliliombea jambo hilo kila asubuhi. Basi nikaona mambo yako wazi: chini ya ardhi kuna shule, na tersiere ni darasa la wakubwa. "Papa, weye utafika tersiere siku gani?" nilimwuliza. Alicheka mpaka akakohoa, wala hakunisahihisha.

Msimu wa mvua ukaingia. Jumamosi moja baba hakuja. Mama alipika sombe ya majani ya muhogo, akaifunika, akaifunua, akaifunika tena. Kesho yake alifika Papa Ngabu, mwenzake wa shimoni, kofia mkononi na magoti yamejaa matope. Alimtazama mama, akanitazama mimi, kisha akateremsha sauti.

"Mama Mave, muzee alibakia mu tersiere."

Siku hizi najua alichagua neno hilo kwa ajili yangu, ili mtoto asielewe. Lakini mtoto alielewa kwa namna yake. Nilitoka mbio hadi uani nikipiga kelele, "Papa alifika tersiere! Alipita sekondere!" Mama mmoja jirani, ambaye hakujua tersiere ni nini ila aliiona furaha yangu, aliacha kufua akanipigia kigelegele. Kabla hajamaliza, kilio cha mama yangu kikatoka ndani. Sauti hizo mbili zilikutana juu ya kichwa changu, nami nikasimama pale sijui niifuate ipi. Hadi leo sipendi kigelegele, hata arusini.

Mama alipanda pikipiki na Papa Ngabu hadi Nizi. Nikiwa mkubwa ndipo nilipoambiwa kwamba alipiga magoti kando ya shimo akawasihi wachimbaji, "Munitolee yeye, hata mukono tu, nipate kuzika!" Walijaribu, masikini. Kila walipofukua, ukuta ulishuka tena, na mmoja wao alivutwa nje nusura azikwe hai. Mwishowe wakamwambia, "Mama, hatuwezi. Ile udongo itakula na wengine." Akarudi amebeba shati tu. Alilinusa kila siku mpaka likaisha harufu, kisha akawa mtu wa kushinda ameegemea ukuta, hali chakula. Niliogopa kwamba naye ataondoka na kuniacha.

Hakuna aliyenifafanulia kitu. Niliambiwa baba hatarudi, nami nikawaza: hata wanafunzi wa mbali hawarudi hadi wamalize. Nilimsubiri hivyo mpaka mimi mwenyewe nikafika sekondere. Siku moja mwalimu wa jiografia alichora ubaoni matabaka ya ardhi, akaandika majina yake kutoka chini kwenda juu. Alipoandika lile la juu, tersiere, nilimwona baba yangu chini ya ule mstari wa chaki. Nililia kwa sauti, na wenzangu wakadhani ni tumbo.

Sasa mwalimu wa jiografia ni mimi. Vitabu vipya vinasema neno hilo limepitwa na wakati, tuseme Paleojene na Neojene. Nami nawaambia wanafunzi walikate. Wanalikata haraka, kwa mstari mmoja, huku nikiangalia dirishani.

Mama amezeeka. Mgeni akimwuliza bwana wake yuko wapi, bado hujibu, "Iko mu tersiere." Sijathubutu kumwambia kwamba tersiere haipo tena. Wataalamu walilifuta neno hilo kwa sababu zao, na huenda ni sababu nzuri. Hawakuuliza kama ndani kuna mtu.