Kilima Kisicho na Mkia

Nilianza kumshuku Atieno, mwenzangu wa maabara, siku alipoacha kulalamika kuhusu mashine. Maabara yetu hapa Rongo hupima dawa za shambani ndani ya samaki wanaovuliwa ziwani huko Sori, na kila kemikali huchorwa na mashine kama kilima chenye umbo la kengele. Mashine imezeeka, kwa hivyo vilima vyake huvuta mkia na kutetemeka. Vya Atieno vilikuwa laini kama yai.

Sasa, mimi ndiye niliyeandika code, yaani programu ya kompyuta, ya kuchora vilima bandia vya kufundishia wanafunzi. Nikaamua ameiba code yangu atunge majibu. Akifunga laptop, nashuku. Akinisalimia vizuri, nashuku zaidi.

Jumatatu nilichukua karatasi mbili kwenye printa, nikaziweka mbele ya mkubwa wetu, Atieno akiwa hapo hapo.

"Daktari, hii laini ni ya kompyuta. Hii yenye mkia ndiyo ya mashine. Code yangu naijua kama mtoto wangu."

Atieno alizitazama kwa upole. "Omera, ndugu yangu, nilibadilisha bomba lililochakaa la mashine ukiwa likizo. Hiyo laini ni ya samaki."

"Na hii nyingine?" daktari akauliza.

"Ni yake. Aliongeza mkia na kutetemeka kwenye code, ndio wanafunzi wadhani ni ya kweli."

Nikakumbuka nilivyojipongeza siku nilipouongeza huo mkia.

Daktari alinisukumia ile karatasi yenye mkia. "Basi chukua mtoto wako, umpeleke nyumbani."