Hotuba Ambayo Lonzo Hakuitoa

Tulimzika kaka yangu Lonzo Womack Jumamosi iliyopita, nyuma ya kanisa letu la Kibaptisti, karibu na Baba na Mama. Alikuwa na miaka sabini na saba. Mhubiri alimsifu kwa uvumilivu. Sijui kama ule ulikuwa uvumilivu.

Kwetu ni kusini mwa Virginia, nchi ya tumbaku. Patrick Henry, aliyewahimiza watu wa Virginia wamuasi Mfalme wa Uingereza, alizikwa si mbali nasi, na hakuna mtoto aliyekulia hapa asiyejua kauli iliyofunga hotuba yake bungeni: nipeni uhuru, au nipeni kifo. Katika shule yetu ya weusi, kila Oktoba mwanafunzi mmoja alipanda jukwaani akaitoa hotuba ile yote mbele ya wazazi. Mei 1959, mwalimu wetu Bi. Ghee alimchagua Lonzo. Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Kiangazi chote aliihutubia tumbaku shambani. Mimi, mdogo wake mwenye umri wa miaka kumi, nilikuwa Bunge.

"Vee, Bunge halicheki."

"Bunge lina kiu."

"Litakunywa likishaasi."

Mama alimshonea joho kwa pazia jekundu lililochakaa la kanisani. Bi. Ghee alimwonya jambo moja tu: "Ukisimama mbele za watu, usitazame miguu yako. Miguu haikuja kukusikiliza."

Septemba tulikuta kufuli mlangoni. Mahakama ilikuwa imeamuru weupe na weusi wasome pamoja, na wakubwa wa wilaya wakaona heri wafunge shule zote za serikali kuliko kutii. Watoto wa weupe walifunguliwa shule za binafsi. Sisi tulibaki barabarani. Wakubwa walipoulizwa, walijibu kwamba wanatetea uhuru.

Lonzo alidhani ni jambo la wiki mbili. Kila Jumatatu alitembea kwenda kulitazama lile kufuli. Siku ya hotuba ilipofika alivaa joho lake akaenda, nami nyuma yake. Alisimama mbele ya mlango, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Toa basi," nikamwambia. "Nimechoka kusimama."

"Siitoi barabarani, Vee. Nitaitoa jukwaani."

Mwaka uliofuata, watu wa kanisa moja huko Ohio walikubali kumchukua mtoto mmoja wa nyumba yetu, wamlee na kumsomesha. Bi. Ghee alikuja kumtaja Lonzo.

"Lonzo ndiye mkono wangu wa kulia, Mwalimu," Baba alisema. "Aende mdogo wake, Verdell."

"Bwana Womack, huyu kijana ana kichwa."

"Na mimi nina ekari sita."

Lonzo alinibebea begi hadi kituo cha basi. Hakuninunia. Afadhali angeninunia. "Nenda," alisema. "Ila usitazame miguu."

Nilimaliza sekondari Ohio. Huko, maktabani, nilisoma kwamba Patrick Henry aliandika mwenyewe kuwa utumwa ni uovu, lakini watumwa wake hakuwaachia huru, kwa kuwa kuishi bila wao kungekuwa usumbufu. Nilimwandikia Lonzo kwa hasira. Alijibu kwenye kipande cha karatasi ya dukani: "Bi. Ghee alituambia zamani. Ndiyo maana nataka kuisema mimi."

Shule zilifunguliwa baada ya miaka mitano. Alikuwa na miaka kumi na minane, na Baba alikuwa hawezi tena kuinama. Hakurudi darasani. Alibeba marobota katika ghala la mnada wa tumbaku miaka arobaini, na wenzake walimwita Mheshimiwa.

"Mheshimiwa, leo Mfalme wa Uingereza anasemaje?"

"Anasema beba kwa mikono, mdomo hauna mpini."

Alipofika miaka hamsini na saba, wilaya iliamua kuwapa vyeti vya heshima wote waliofungiwa nje. Sherehe ilikuwa katika ukumbi uleule wa shule yetu. Mtu fulani aliwasimulia habari za Oktoba ile, nao wakamwomba Lonzo atoe hotuba. Nilisafiri kutoka Ohio. Asubuhi hiyo aliikariri yote jikoni akinyoa ndevu, bila kukosea neno.

Alipanda jukwaani. Akawatazama wale wakubwa wa mstari wa mbele, wengine ni wana wa waliofunga shule.

"Kabla sijaanza," alisema, "ufunguo alikuwa nao nani?"

Mwenyekiti wa sherehe alitabasamu. "Ndugu Womack, hayo yamepita. Leo ni siku ya furaha. Tupe ile hotuba."

"Nauliza tu jina."

Nilikuwa karibu na ngazi. Niliona aibu, Mungu anisamehe. Nikanong'ona, "Lonzo, itoe tu, watu wanangoja."

Alinitazama. Kisha akawageukia. "Hotuba ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi na mitatu. Yule mlimfungia nje." Akashuka, na cheti akakiacha kitini.

Hatukulizungumza tena. Wiki iliyopita mhubiri alitaka hotuba isomwe kaburini, eti kumtimizia nia yake. Nilikataa. Badala yake nilimsomea Yeremia, pale anapowalaani wanaotangaza amani mahali ambapo amani haipo. Hata Patrick Henry aliyachukua maneno hayo kwake akayatia katika hotuba ile. Ninaamini Lonzo yuko kwa Bwana, na kwamba huko hakuna mlango utakaofungwa. Lakini nilisoma mistari ile yote, mimi niliyesomeshwa katika nafasi yake, nikitazama miguu yangu.