Karatasi ya Kumwita Tomekichi

Wifi yangu Sawa hajui kubembeleza. Kabla ya vita, ungewapita shambani, yeye na kaka yangu Tomekichi, ungedhani wanataka kuuana. Kumbe ndiyo mapenzi yao hayo.

Vita vilikwisha, mwaka wa tano ukapita, kaka, askari wa Japani, bado kajificha milimani Luzon, kule Ufilipino, na mwenzake mmoja, Iwase. Wakati wa vita ndege za Wamarekani ziliwamwagia karatasi za Kijapani za kuwarai wajisalimishe, nao wakaapa kutoamini karatasi yoyote itokayo angani. Sasa serikali yetu wenyewe ikataka kuwadondoshea nyingine, yenye maneno ya mke. Akaja afisa, Bwana Kuramochi.

Sawa alikuwa anatia figili chumvi pipani. Akafuta mikono, akaandika papo hapo: "We Tomekichi, mpumbavu! Vita vimekwisha, wenzako wamerudi, wewe unacheza kombolela porini! Mama yako kafa akikutaja. Paa nimeezeka mwenyewe. Shuka huko kabla sijakufuata!"

Bwana Kuramochi akasoma, akakohoa. "Mama, serikali haiwezi kumwaga matusi kutoka angani. Tuseme: 'Mume wangu mpenzi, nakungoja kwa machozi.'"

"Machozi ya nani? Akisoma hivyo atajua si mimi!"

"Wataalamu wetu wamelisomea jambo hili."

"Na Tomekichi wamemsomea?"

Walivutana mpaka chai ikapoa. Mimi nikaona aibu mbele ya mgeni. Nikasema, "Wifi, acha ubishi bwana! Hawa wamesoma, sisi tunajua figili tu. Piga muhuri wa jina lako mtu aende zake." Akanitazama, akapiga.

Msimu wa kupandikiza mpunga, Iwase alirudi peke yake. Akapiga magoti mlangoni kwetu.

"Karatasi tuliiokota. Mimi nikasema tushuke. Tomekichi akaisoma mara tatu, akacheka. Akasema, 'Mke wangu huyu? Hajanibembeleza hata siku ya harusi! Wamarekani hawa hawamjui Sawa.' Akanivuta tukapanda juu zaidi. Homa ikamuua. Nilimzika, ndipo nikashuka."

Sawa hakulia. "Alicheka?"

"Alicheka sana, shemeji."

Huyo Kuramochi sikumwona tena, na ningemwona ningemwambia nini? Nilingoja Sawa anigeukie mimi, anitukane, hata anipige. Wapi! Tangu siku ile ni "tafadhali, wifi", "asante, wifi". Mwaka wa tatu huu, hajanigombeza hata mara moja.