Mwano wa Kidole Gumba

Kutoka Songea hadi Bariadi nilitumia siku tatu, kwa sababu Singida nilishuka kunywa chai na basi likaniacha. Sanduku langu la vifaa likatangulia Shinyanga bila mimi. Nililikuta kesho yake kwa mkata tiketi, limekaliwa na mwanamke anayenyonyesha, na ndani hakikupungua kitu, hata sindano. Mimi ni fundi wa vyerehani. Nimeshakaa Mbeya, Kigoma, Tanga, na mji mmoja wa mpakani ambao sipendi hata kuutaja. Niliambiwa kwamba Simiyu pamba ikishauzwa kila nyumba inashona, na kwamba vyerehani vya huko vinakufa kwa vumbi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyeishi na binti yake mkubwa, muuza vitumbua. Kila asubuhi nilimwamkia, "Mwangaluka mayu," naye alinijibu kwa salamu ndefu ya Kisukuma inayouliza hali ya ng'ombe wangu, ingawa sikuwa na hata kuku. Akili yake ilikuwa imeanza kumtoka. Aliamini ng'ombe wa marehemu mumewe bado wako kijijini Sapiwi wanangoja kukamuliwa. Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa mbali, sikumzika. Labda ndiyo maana pale kwa yule mjane, kwa mara ya kwanza maishani, nilinunua kitanda.

Kitu kimoja tu kilinikera: grupu la mtaa kwenye simu. Kabla sijanawa uso jumbe zilishaingia. Malaika anayetembea simu kwa simu. Maji ya kitunguu yanayotibu kila ugonjwa. Tangazo kwamba kuanzia kesho wenye mtandao watazichukua picha zetu zote, ila ukinakili maneno haya na kuyabandika kwako, umepona. Mtu wa Mwanza alipuuza, ng'ombe wake wakafa wote. Nilimfahamu mtu huyo. Nilipokuwa Tanga alikuwa mtu wa Lindi, na kilichokufa kilikuwa minazi.

Siku moja nikaandika: "Ndugu zangu, tuulize kwanza kabla ya kusambaza." Jioni kamanda wa sungusungu wa mtaa wetu akanikuta kibarazani.

"Fundi, kwenu mwano mnaupokeaje?"

Nikamwambia kwetu hakuna mwano. Akanieleza kama anayemweleza mtoto. Mwano ni ukelele wa hatari. Ukiusikia, unapiga wako ili wa ng'ambo asikie, kisha unashika fimbo unatoka. Asiyepokea hutengwa, hauziwi chumvi, hapewi moto.

"Hakuna anayeuliza kwanza kama ng'ombe kweli kaibwa," alisema. "Ukiuliza, mwizi kashafika Meatu."

"Sasa huu wa malaika, kamanda, mwizi ni nani?"

Waliokaa pale walicheka. Yeye hakucheka. "Wewe subiri siku janga liwe lako."

Nilielewa, na niliudhika zaidi kwa kuelewa. Watu wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechukua wajibu wa heshima na kuukabidhi kwa takataka.

Likawa langu. Asubuhi moja ya kiangazi binti alirudi kutoka kuuza vitumbua akakuta kitanda cha mama yake kitupu. Tulizunguka nyumba za jirani, hakuna aliyemwona. Mimi ndiye niliyeandika, kwa kuwa nilikuwa na elimu ya sekondari na picha yake nzuri kwenye simu. Niliandika ametoka lini, mtaa gani, amevaa kitenge gani, na kwamba huenda ameelekea Sapiwi. Nikaweka namba yangu. Mwisho nikaandika: "Tafadhali sambazeni." Mpaka leo naliona neno hilo. Sikuandika: "Tokeni mkamtafute."

Walisambaza. Sijawahi kuona watu wakitii hivyo. Mchana nilipigiwa na mtu wa Kahama, akafuata wa Tunduma, wote wakisema wanatuombea. Lakini barabarani hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye fimbo. Nilikimbia kwa kamanda, nikamkuta kwenye kiti chake.

"Mwano tayari, fundi," akanionyesha simu. "Nimeutuma magrupu saba."

"Kamanda, watu hawajatoka!"

"Umefika mpaka Dar. Si wewe uliyekuwa hutaki tusambaze?"

Nilichukua bodaboda na binti, tukazunguka Sapiwi siku mbili. Tuliuliza kwenye visima na magulioni. Siku ya tatu mchungaji mmoja, mtu mzima asiye na simu, ndiye aliyetupeleka lamboni, mahali wanaponyweshea ng'ombe. Mama alikuwa amelala ubavu, kitenge kimefunika miguu vizuri. Alishakufa.

"Juzi nilimpa maziwa," yule mchungaji alisema. "Akaniambia anangoja ng'ombe wake. Sikusikia mwano wowote. Ningesikia ningembeba mgongoni."

Ng'ambo ya lambo palikuwa na mji wa watu, boma la familia moja. Tuliingia kuomba mkokoteni. Baba wa mji akaja nao, na alipoona uso wa mama akashtuka, akatoa simu. Alikuwa na picha ileile. Aliipokea siku ya kwanza na kuituma kwa ndugu zake wote. Ila chini ya picha hapakuwa na Sapiwi wala Bariadi wala siku. Mtu alikata maneno yangu ili yawe mafupi, akaacha namba, akaongeza: "Usipuuze, tuma kwa watu kumi."

"Nilidhani ni wa Mbeya huko," alisema baba yule, na akakaa chini.

Tulimzika. Niliandika kwenye grupu kwamba amefariki, acheni kutuma. Ujumbe huo ulipata pole nyingi na haukwenda popote. Ule mwingine uliendelea kutembea. Matanga yakaisha, mvua zikaanza, simu yangu ikawa bado inalia. Wa Handeni kamwona kanisani akiimba. Wa Kibondo kamwona kituo cha afya, ana hakika, kovu lilelile, wakati mama hakuwa na kovu. Ukuta kati ya chumba changu na cha binti ulikuwa wa tofali moja.

"Kaka," aliniambia asubuhi moja akikoroga unga, bila kuniangalia. "Kila ikilia nasema kapatikana. Halafu namzika tena. Nimechoka kumzika."

Namba ile ndiyo waliyokuwa nayo wateja wangu wote, tangu Binza hadi Mwamanyili. Bila hiyo sikuwa na kazi mkoa ule. Ningeweza kununua nyingine na kuwaomba watu waisambaze. Nilipofikiria hilo nilicheka peke yangu, kicheko kibaya.

Kitanda nilimwachia. Siku ya kuondoka nilitoa laini nikaikata kwa koleo mbele yake, juu ya meza ya vitumbua. Akajifuta unga mikononi, akaviokota vile vipande viwili, akavitia motoni. Basi la Mwanza lilikuwa linaondoka saa mbili. Hakunisindikiza, alikuwa na vitumbua vya kuchoma, nami sikumwomba.